Punga Mkono, Uangushe Sufuria

Microsoft walipotoa Kinect, kifaa cha michezo kinachosoma ishara za mwili, mnamo Novemba 2010, rimoti ilitangaziwa uzee: simama mbele ya runinga, punga mkono, nayo itatii. Samsung nao, mwaka 2012, wakaleta runinga za kupungiwa. Hongera zao. Ni wazi hakuna aliyepitia mtaani kwetu Kaptembwo kupima chumba.

Kinect ilitaka mchezaji asimame umbali wa karibu mita 1.8, wakiwa wawili, mita 2.4. Chumba cha ploti ni futi 10 kwa 10, yaani mita 3 na ushei kila upande, na humo mna kitanda, pazia, makochi, meko ya gesi na mitungi ya maji. Ukitaka kuongeza sauti, kwanza mtoe mgeni nje na kikombe chake cha chai. Ukipunga kwa bidii, sufuria ya githeri iko chini. Jirani naye akisimama mlangoni akakuinulia mkono wa salamu, taarifa ya saa moja imekatika.

Microsoft wenyewe waliacha kuunda Kinect mwaka 2017. Rimoti yetu, iliyovishwa nailoni na kukazwa kwa mpira, ingali kazini. Betri zikichoka tunazianika juani, kesho zinaripoti.

Zikigoma kabisa, kitindamimba yupo. "Wee, weka Citizen TV!" Anatii sauti, hadai nafasi, na stima zikipotea yeye hazimi. Ana kasoro moja tu: akishaishika rimoti mwenyewe, ni katuni mpaka usiku.