Meza Namba 214, Saa Kumi na Mbili Kamili

Kuna mtu ofisini mahali fulani ambaye kazi yake ni kuamua abiria wa meli za kitalii wataona njaa saa ngapi. Ameamua saa kumi na mbili jioni. Si na robo, si na nusu. Kamili. Mtu huyo namtafuta.

Saa kumi na mbili jioni kwetu watu wako barazani na kahawa na kashata, wanasema wenzao. Chakula cha usiku ni baada ya Isha, mtu ameshaoga, ameshajifunga kikoi chake, moyo umetulia. Sasa nenda Italia mwezi wa Juni, ambako jua linazama kwenye saa tatu kasorobo usiku, uambiwe saa kumi na mbili ukae mbele ya kitambaa cheupe, koti mwilini, jua la dirishani linakuchoma jicho la kushoto, ule chakula cha usiku. Usiku upi? Nje watu bado wanaogelea.

Safari yenyewe tulilipiwa na mwanetu Salma, muuguzi huko Uingereza, Mungu amzidishie. Tulipanda meli Barcelona, tukashukia Piraeus, na katikati ni bandari moja baada ya nyingine. Ila yeye ndiye aliyejaza fomu, na fomu ilikuwa na swali: zamu ya kwanza ya chakula, saa kumi na mbili, au zamu ya pili, saa mbili na nusu? "Baba, nyie wazee mnalala mapema," akasema, akabonyeza ya kwanza. Mtoto unamsomesha kwa kuuza shamba, halafu anakupangia saa ya kulala.

Sababu ya zamu naielewa, msinione mkorofi tu. Ukumbi wa chakula hauwezi kukalisha meli nzima kwa mpigo, kwa hiyo kundi moja linakula, linafukuzwa kwa heshima, meza zinatandikwa upya, linaingia kundi la pili. Utaratibu wa kuita watu kula kwa saa maalumu ni wa kale. Kwenye Titanic, mwaka 1912, abiria waliitwa mezani kwa tarumbeta. Lakini wale walikuwa katikati ya Atlantiki, hawana pa kwenda. Anayepigiwa tarumbeta baharini atachelewa kwa sababu gani? Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikatangaza kwamba abiria wake watakula saa wanayotaka, na baadaye kampuni nyingine nyingi zikaona haya zikaweka angalau chaguo hilo pembeni. Chaguo hilo kwenye meli yetu lilikuwa limejaa. Nilikwenda kuuliza siku ya kwanza, nikakuta foleni ya watu wa zamu ya kwanza wanaotaka ya pili, na foleni ya watu wa zamu ya pili wanaotaka ya kwanza. Nikashauri tubadilishane tu wenyewe, tumalize. Dada wa pale akanijibu kwamba mfumo hauruhusu.

Kinachoniuma mimi si saa. Kinachoniuma ni kwamba anayekuuzia meza ya saa kumi na mbili ndiye huyohuyo anayekuuzia matembezi ya nchi kavu yanayorudi saa kumi na mbili na nusu. Kampuni moja, kaunta zinatazamana, pesa zinaingia mfuko mmoja. Tiketi ya matembezi imeandikwa saa ya kurudi, kadi ya chumba imeandikwa saa ya kula, na hakuna mtu aliyewahi kuziweka pamoja akazisoma.

Chukua siku ya Roma. Brosha inasema meli itatia nanga Roma. Haitii nanga Roma. Inafunga gati Civitavecchia, bandari iliyojengwa na Kaizari Trajan mwanzoni mwa karne ya 2, na kutoka hapo hadi Roma ni kilomita 80 hivi. Trajan namsamehe, hakujua habari za basi la watalii. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Tukaonyeshwa Colosseum, tukaonyeshwa chemchemi inayotupiwa sarafu, tukasimama juani kusubiri kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro, na mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye mwavuli wa njano, akawa anatukimbiza akisema tusichelewe, tusichelewe. Hatukuchelewa. Waliochelewa ni magari yaliyokuwa mbele yetu barabarani, wananchi wa Roma wanaorudi majumbani kwao kutoka kazini, watu ambao bila shaka watakula saa wanayotaka.

Tulifika gatini saa kumi na mbili na dakika kumi na tano. Ukishafika hujafika. Kuna foleni ya ngazi, kuna mashine ya kukagua mikoba, kuna kadi inayotakiwa kulia "ti!" na ya mwenzako mbele hailii. Nikamwambia mama watoto tuunganishe moja kwa moja mezani. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Baba Salma, huendi kukaa na watu na hilo jasho."

"Mlango watafunga."

"Na wafunge."

Kwa hiyo tukaoga. Tulipofika ukumbini mlango ulikuwa umerudishwa, mkuu wa wahudumu amesimama hapo na daftari lake na tabasamu la mtu anayekuhesabia dakika. Akatupitisha. Meza namba 214 wenzetu walikuwa wameshafika kwenye kahawa: wazee wawili wa Uskoti, mume na mke, na kina dada wawili wa Kijerumani ambao hawakuwahi kwenda popote pale meli ilipotia nanga, kwa kuwa, kama walivyotueleza, wakienda watachelewa chakula. Mzee wa Uskoti akatazama saa yake ya mkononi, halafu akanitazama mimi, halafu akasema ilikuwa supu nzuri sana.

Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Kifilipino, mwepesi, mwenye adabu. Simlaumu hata chembe, naye ana watu wake wa saa mbili na nusu. Aliniwekea supu. Sijainua kijiko mara ya tatu akaniwekea samaki kando ya supu. Sijamgusa samaki, kikaja kibakuli cha tamu ya mwisho, aiskrimu imeshaanza kulegea. Vyote vitatu vikajipanga mbele yangu, nami natumia uma wa supu na kijiko cha samaki. Meza ya jirani walikuwa wanatandika kitambaa kipya na kupanga uma za watu wengine. Wakafika kwetu. Nikainua kiwiko wapitishe kitambaa, nikakishusha, nikaendelea kula.

Kesho yake tulikuwa Naples, na kutoka Naples tukapelekwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79. Mwongozaji alisimama kwenye kona mbele ya kaunta ya mawe yenye matundu makubwa ya duara, na ndani ya matundu vimejengewa mitungi. Hapa, akasema, watu wa Pompeii walikuwa wanakula chakula cha moto. Zimepatikana nyingi mjini, na moja walimaliza kuifukua mwaka 2020, bado ina picha za bata na jogoo zenye rangi zake, na ndani ya mitungi mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Nikasogea karibu kuitazama. Huyu ni mama ntilie! Mama ntilie mtupu, amekaa barabarani na vyungu vyake vya moto, mtu anapita na njaa yake, anapakuliwa, anakula, anaondoka. Nikamuuliza mwongozaji kama walikuwa na zamu. Akadhani namtania. Nilimaanisha kabisa. Karibu miaka elfu mbili iliyopita mtu wa Pompeii alikuwa na uhuru ambao mimi, na kadi yangu ya plastiki yenye picha ya pomboo, sina.

Mama watoto akanivuta mkono, basi linaondoka.

Mtasema kama ni hivyo si ungekubali zamu ya pili. Subirini. Kina zamu ya pili tulikutana nao kwenye lifti, macho mekundu. Wanakaa saa mbili na nusu, wanainuka saa nne na nusu, wanakosa onyesho la kwanza na kusinzia kwenye la pili, wanapanda kitandani na tumbo limejaa siagi, na saa moja asubuhi wanatakiwa ukumbini na stika namba saba kifuani kwa ajili ya matembezi. Halafu ikaja Santorini. Kule meli haifungi gati, inasimama majini kwenye ghuba, na mnashushwa kwa boti hadi chini ya jabali. Mji wa Fira uko juu kabisa. Kupanda ni ngazi karibu 600, au punda, au vijigari vinavyoning'inia kwenye waya. Kitu kinachowaleta watu wote Santorini ni machweo ya jua kule Oia, na mwezi wa Juni jua la Oia linazama baada ya saa mbili na nusu usiku. Piga hesabu mwenyewe. Zamu ya kwanza inakosa chakula ikiwa kwenye foleni ya kushuka kwa vijigari vya waya. Zamu ya pili ikitaka kula inakosa jua. Sisi tulikuwa kwenye foleni, mbele yetu watu mia kadhaa wa meli mbalimbali, kila mmoja anatazama saa yake, na nyuma ya migongo yetu machweo maarufu kuliko yote duniani yanajiandaa bila mtazamaji.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wageni wa meli tunaowaona Unguja. Wanashuka mchana, wanatembezwa Mji Mkongwe kwa mbio, jioni wanapita Forodhani wakati wauzaji ndiyo kwanza wanawasha makaa, mishkaki haijaiva, juisi ya miwa haijakamuliwa, nao wanaharakishwa kurudi bandarini. Kuna mmoja niliwahi kumwona anageuza shingo kuutazama moshi wa mishkaki mpaka akajigonga kwenye nguzo. Yule alikuwa anakwenda kula saa kumi na mbili kamili.

Dawa ipo, na nitaitaja ili nisiitwe mlalamishi mtupu. Juu kabisa ya meli kuna bufe. Mlangoni anasimama kijana na chupa ya dawa ya mikono, hakupitishi mpaka umenyoosha viganja vyote viwili, kwa sababu ya ugonjwa wa kutapika na kuhara unaopenda sana meli. Ukishapita uko huru. Unaingia na kandambili. Unakula wali, unarudia wali, hakuna Mskoti anayekusifia supu. Baada ya Santorini tulikula huko, tumekaa nje upepo unapiga, na nakiri kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote vya safari. Ila bufe ya usiku ndiyo ileile ya mchana imebadilishwa sinia, na mama watoto alikuwa amebeba magauni. Magauni hayakuja Ulaya kukaa kabatini, alisema, na hilo sikuwa na la kulijibu.

Kuna wajanja wanaokwepa matembezi ya meli na kukodi teksi yao, warudi mapema. Mimi hapana. Basi la meli likichelewa, meli inalisubiri. Teksi yako ikichelewa, utaiaga meli kwa mkono. Walioponea kuachwa tuliwaona kwa macho yetu Livorno, mume na mke wanatimua mbio gatini na mifuko ya manunuzi kutoka Florence, na abiria mamia wamejaa kwenye vibaraza vya juu wanawapigia makofi. Waliwahi, ngazi ikiwa inavutwa. Nikawatafuta ukumbini saa kumi na mbili nione kama watapewa supu, sikuwaona.

Usiku wa mwisho tukasukumiwa hesabu chini ya mlango. Ndani yake kuna takrima ya wahudumu, inakatwa kwa kila mtu kwa kila siku, utake usitake. Takrima siipingi, wale vijana wanastahili na zaidi. Nilichokwenda kuuliza mapokezi ni kitu kidogo: usiku ambao kiti changu kilikuwa kitupu, mimi niko kwenye foleni ya vijigari vya waya ya matembezi mliyoniuzia nyinyi, nalipia mezani nimehudumiwa nini?

Karani akanieleza kwa upole kwamba takrima ni ya meli nzima, haihesabiwi kwa meza. Nikamweleza kwa upole kwamba meza ilihesabiwa vizuri sana siku nilipochelewa. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Mama watoto, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na gauni lake la mwisho, akainuka akaja.

"Baba Salma, lipa twende. Yule kijana alikukalia na sahani yako mpaka mwisho. Kumsubiri mtu kama wewe nako ni kazi."

Karani, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akatikisa kichwa kumuunga mkono.