Usilihukumu Jino Kabla ya Kulisikiliza: Mambo Tisa ya Tiba ya Mzizi, Kutoka Mutomo Hadi Wote

Jino likiamua kuuma, huchagua saa nane za usiku, bodaboda wote wamelala na duka la dawa limefungwa. Kunapopambazuka, mwenye jino ana hukumu moja tu: "Naenda kulitoa!" Ngoja kidogo, ndugu. Kuna matibabu ya mzizi wa jino, yale ambayo wengi huyaita ruti kanali, na kazi yake ni kukuachia jino lako mdomoni. Haya hapa mambo tisa, tukihesabu kurudi nyuma, dogo likitangulia. Mwenye maumivu sasa hivi aruke hadi namba moja.

9. Mdudu hayupo
Susu, bibi yako, alikwambia kuna mdudu anayetoboa jino. Susu tunamheshimu, lakini mdudu huyo ametafutwa sana. Daktari Mfaransa Pierre Fauchard, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha meno mwaka 1728, alimtafuta kwa hadubini akamkosa. Wanaotoboa ni bakteria. Wanakula sukari iliyobaki mdomoni, wanatoa asidi, na asidi inalila jino tabaka kwa tabaka mpaka ifike kwenye kiini, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Wakifika hapo, usingizi wako umekwisha.

8. Kahawia si kuoza
Baadhi ya visima virefu vya ukanda wetu wa Kitui na Makueni vina floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikua kwa maji hayo, meno yake huota na madoa ya kahawia. Hilo ni doa, si shimo, na haliombi tiba ya mzizi. Kwa upande mwingine, jino linaweza kuwa jeupe kama maziwa huku ndani limekufa. Basi acha kumcheka mwenzako kwa rangi ya meno, nenda kapimwe lako.

7. Jiwe la ndengu
Ndengu za Kitui zina sifa zake, na aliyezichagua kwa haraka ana zake. Unatafuna, unasikia "ka!", chakula kinageuka kesi. Baada ya hapo jino linauma ukilikanyagia chakula au ukiliachia, na kwenye kioo huoni kitu. Huo huenda ni ufa. Mweleze daktari kisa chote, hata kama unaona haya kumtaja mpishi. Ufa uliofika kwenye kiini mara nyingi hutibiwa kwa tiba ya mzizi. Uliopasua jino hadi chini ya ufizi, hapo kung'oa ndiko kunakobaki.



6. Vidonge havina barabara
Hapa ndipo tunapopoteza pesa na wakati mwingi. Mtu ananunua antibayotiki dukani, anameza siku tano, jino linatulia, anatangaza ushindi. Dawa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina tena damu inayoingia. Ni sawa na kutuma mzigo Mutomo siku ambayo mto Tiva umefurika: dereva ni hodari, lakini havuki. Antibayotiki zina kazi yake uvimbe unapoenea au homa inapopanda, na anayeamua hilo ni daktari. Aspirini ya kubandika kwenye ufizi, tafadhali acha. Inaunguza ufizi, na sasa una maumivu mawili kwa bei ya kidonge kimoja.

5. Kinachofanyika pale kitini
Watu huogopa wasichokijua, kwa hiyo tuingie pamoja. Kwanza picha ya eksirei, ionyeshe mizizi imekaaje. Kisha sindano ya ganzi. Daktari anayefuata utaratibu hulifunika jino kwa kipande chembamba cha mpira chenye tundu, jino moja tu likachungulia. Ubunifu huo ni wa daktari Mmarekani, Sanford Barnum, mwaka 1864, na bado haujapata mpinzani: mate hayaingii kwenye jino, dawa haiingii kooni. Ukiwekewa mpira huo usione umefungwa mdomo. Umeheshimiwa.

Halafu jino linatobolewa kwa juu, kiini kilichooza kinatolewa, na vijia vya ndani ya mizizi vinasafishwa kwa vifaa vyembamba kama sindano. Jino la mbele mara nyingi huwa na kijia kimoja. Gego la chini mara nyingi lina vitatu, na gego kubwa la kwanza la juu hupenda kuficha cha nne. Ndiyo maana gego hula muda na pesa zaidi, wala daktari hakuonei. Vijia vinaoshwa kwa dawa ya jamii ileile inayong'arisha mashuka meupe, ila hii ni ya vipimo vya hospitali. Usijaribu nyumbani! Mwisho vinajazwa utomvu mgumu wa miti ya kusini mashariki mwa Asia, uitwao gutapacha. Mara nyingine kazi huisha siku moja, mara nyingine huhitaji safari mbili au tatu.

4. Kuhusu uchungu
Jino lililokasirika sana linaweza kugomea ganzi ya kwanza. Inua mkono, uongezewe. Ukishamaliza, siku chache za maumivu madogo unapotafuna ni za kawaida. Uvimbe unaokua si wa kawaida, rudi.

3. Usiache jino bila kofia
Hili linaniuma kuliko jino lenyewe. Mtu anavumilia safari zote, jino linapona, kisha anaona kofia, ule mfuniko wa kudumu unaovikwa jino, ni pambo la matajiri. Gego lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na isyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, ina mahindi yasiyo na huruma. Likipasuka, kazi yote imekwenda. Kile kizibo cha muda unachowekewa kabla ya kofia nacho ni cha muda kweli. Ukikaa nacho hadi msimu wa maembe ujao, bakteria watarudi kupitia mlango uleule. Uliza bei ya kofia siku ya kwanza.

2. Nauli, bima na leseni
Hospitali za rufaa za kaunti, Kitui mjini na Wote, zina idara za meno. Piga simu kabla ya kupanda gari, uulize kama tiba ya mzizi inafanyika pale, kwa jino lako, na kwa safari ngapi. Makueni ilizindua mpango wake wa afya, MakueniCare, mwaka 2016 kwa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya afya ya jamii, imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Usikisie kadi yako inalipia nini, ulizia kabla hujafungua mdomo. Jina la daktari, litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Anayetibu meno sokoni kwa koleo na maneno matamu, mpishe.

Na kama umeambiwa kung'oa ni rahisi zaidi, ni kweli, kwa leo. Kesho meno ya jirani yataanza kuegemea pengo, na jino bandia nalo lina bei yake. Lakini jino lililolegea sana, au lililobaki kisiki kisichoshika kitu, likitolewa halijaonewa.

1. Jino likinyamaza halijapona
Ukisahau mengine yote, shika hili. Jino lililokulaza macho wiki nzima, kisha ghafla likatulia bila tiba, mara nyingi neva yake imekufa. Bakteria hawakufa nayo. Wanashuka kwenye ncha ya mzizi, wanakula mfupa polepole, na siku moja unaona kijipu kwenye ufizi kinachotoa usaha, huku huhisi chochote. Huo ndio wakati watu wa kwetu husema "lilipoa lenyewe" na kurudi shambani, nao ndio wakati jino bado linaweza kuokolewa.

Usaha ukiingia chini ya taya, mambo hubadilika kwa saa chache. Ukiona shingo inavimba, ulimi unainuka, mdomo hauwezi kufunguka, mate hayamezeki au pumzi inakuwa nzito, usingoje asubuhi wala siku ya soko. Mwamshe jirani mwenye gari, nendeni hospitali usiku huohuo.