Itifaki Imezingatiwa, Sasa Tule: Mbobezi wa Chakula cha Austria Ahutubia Vienna

Mbobezi alipanda jukwaani na mafaili matatu na miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafakaria. "Waheshimiwa wajumbe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa," alisema, kisha akanyamaza, ili ukumbi upate wasaa wa kutambua ni nani aliyesimama mbele yake. Alikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, bingwa pekee wa Afrika Mashariki na Kati katika taaluma ya kusaka migahawa ya asili nchini Austria. Shahada ya uzamivu alijitunuku mwenyewe. Vyuo vilivyopo, alifafanua, vilikosa jopo lenye sifa za kumtahini.

Walioketi mbele yake walikuwa wajumbe kutoka Dodoma, Nairobi, Mombasa, Kampala na Bujumbura, waliofika kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa, ambao una ofisi zake kubwa jijini Vienna, karibu na mto Danube, tangu 1979. Siku nzima walikuwa wameshindia biskuti za mkutano. Swali lao lilikuwa fupi: jioni hii tukale wapi chakula cha wenyeji, kizuri, bila kuimaliza posho? Mbobezi aliahidi kulijibu katika sura kumi na mbili.

Sura ya kwanza aliipa jina "Nadharia ya Ndama". Mwenye haki apewe haki yake: ukiuondoa utangulizi mrefu, msingi wake ulikuwa imara. Kanuni za vyakula za Austria zinataka sahani inayouzwa kwa jina la Wiener Schnitzel, bila neno jingine, iwe ya nyama ya ndama. Kama ni ya nguruwe, menyu iseme hivyo, ama kwa kuandika "vom Schwein", ya nguruwe, ama "Wiener Art", kwa mtindo wa Vienna. Nyama hupondwa hadi iwe nyembamba, hupitishwa kwenye unga wa ngano, kisha kwenye yai lililopigwa, kisha kwenye chenga za mkate mkavu, na papo hapo hutumbukizwa kwenye mafuta mengi ya moto. Mpishi anayeijua kazi hukiyumbisha kikaango ili mafuta yapande juu, na gamba huumuka na kujitenga na nyama kama chapati iliyokubali moto. Huliwa kwa limau na saladi ya viazi. Mgahawa unaomwaga mchuzi mzito juu ya gamba hilo, alisema Mbobezi huku akigonga meza, "umefanya uhaini wa kimapishi". Kwa hili hata wapishi wa Vienna wangempigia makofi. Kazi yote ya kukaanga ni kulipata gamba kavu, na mchuzi huilowesha kazi hiyo kwa dakika moja.

Mama mmoja wa Mombasa aliinua mkono. "Samahani, Profesa. Na hayo mafuta ya kukaangia ni ya nini?"

"Swali zuri sana, mama. Litajibiwa katika sura ya tisa."

Sura ya tisa haikufikiwa. Ilibidi mkalimani mmoja, aliyeishi Vienna kwa miaka mingi na ambaye hakualikwa kuzungumza, amnong'oneze mama jibu. Jiko moja hutumia samli, jingine mafuta ya mimea, jingine mafuta ya nguruwe, yaani Schweineschmalz, na njia ya kujua ni kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza. Swali hilo ni la kawaida kabisa na halimuudhi mtu. Asiyetaka shaka yoyote, hasa juu ya uchinjaji, atafute samaki wa maji baridi aina ya Forelle, au Kasnudeln za jimbo la Carinthia, ambazo ni vifuko vya unga vilivyojazwa jibini laini, viazi na nanaa, kisha vikamwagiwa siagi iliyoyeyushwa. Mama aliandika yote kwenye bahasha. Hayo ndiyo maandishi pekee yaliyofanywa ukumbini jioni hiyo.

Mbobezi alikuwa amehamia kwenye "Kigezo cha Foleni". Penye watu wengi mlangoni, alitamka, pana chakula bora. Foleni ni takwimu inayotembea. Alitoa mfano wa Figlmüller, nyumba iliyoanza 1905 karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, ambayo schnitzel yake ni pana kuliko sahani na hufika kama sentimita 30. Mfano ni wa kweli, na foleni pia ni ya kweli. Alichosahau kutaja ni kwamba schnitzel iliyoipa nyumba hiyo jina ni ya nguruwe, jambo ambalo menyu yenyewe haifichi, na kwamba sehemu kubwa ya walio kwenye foleni ni wageni wenye kamera. Wanakula vizuri. Ila aliyevuka bahari kumtafuta mwenyeji hatampata pale akiwa amejipanga kwenye mvua.

Mwenyeji hupatikana mchana. Kuanzia kama saa tano na nusu hadi saa nane, migahawa midogo ya mitaani, ile ambayo watu wa Vienna huiita Beisl, huweka ubao wenye chakula cha siku: supu na mlo mmoja mkuu kwa bei iliyo chini sana ya ile ya jioni. Ndani pana kuta za mbao nyeusi, kaunta ya vinywaji, na wafanyakazi wa ofisi za jirani wanaosalimiana "Mahlzeit". Supu huwa ni ya nyama ya ng'ombe yenye vipande vya chapati nyembamba za mayai, Frittaten. Mlo unaweza kuwa gulashi, au maandazi makubwa ya mkate yaliyochemshwa, Knödel, yakiwa yameketi kwenye mchuzi. Kama kuna ushauri mmoja wa kubeba kutoka Austria yote, ni huu wa ubao wa mchana. Mbobezi hakuutaja, kwa sababu mchana huwa amelala.

Ajabu ni kwamba kigezo chake bora zaidi alikitoa kwa bahati mbaya. Akiwa anawaonya wajumbe dhidi ya "vyakula visivyo na hadhi ya kidiplomasia", alitaja Beuschel: mapafu na moyo wa ndama, vilivyokatwa nyuzinyuzi, vikapikwa kwa mchuzi wenye uchachu kidogo na kuletwa na Knödel. Alitegemea ukumbi ushtuke. Badala yake wajumbe, watu waliokua na supu ya utumbo na makongoro, waliamka kwa mara ya kwanza. "Hiyo inauzwa wapi?" aliuliza mtu wa Dodoma. Swali lilikuwa na akili kuliko mhadhara wote, kwa kuwa mtalii wa kawaida haagizi mapafu. Jiko linalohangaika kuyasafisha na kuyapika linawapikia watu wa mtaa wake.

Kutoka hapo ilikuwa safari ya kwenda ikulu. Tafelspitz, nyama ya ng'ombe ya sehemu ya nyuma inayochemshwa taratibu pamoja na mizizi ya mboga, ilikuwa kipenzi cha Mfalme Mkuu Franz Joseph, aliyetawala tangu 1848 hadi 1916. Mbobezi alimzungumzia marehemu kama mtu waliyesoma pamoja. Mgahawa unaoiheshimu sahani hii huanza kwa kuleta mchuzi wake kama supu, na uboho wa kupaka kwenye mkate. Ndipo ije nyama, na pembeni viazi vya kukaanga, sosi ya vitunguu majani, na mzizi mkali uitwao Kren uliokunwa pamoja na tofaa. Kren ikizidi, machozi hutoka. Mbobezi alisema yake yalikuwa ya historia.

Kisha ikaja sura ya "Madaraja ya Siri". Mbobezi alishusha sauti. Menyu za Austria, alieleza, huwa na herufi ndogo mbele ya kila chakula, na ni yeye aliyezifumbua: ni alama za mtihani ambazo serikali humpa mpishi. A ni ufaulu wa juu, C ni wastani, G ni aibu. Mgeni mwenye akili huagiza penye A tupu.

Kijana wa Kampala, mwenye mzio wa karanga na hivyo mwenye sababu ya kuzijua herufi hizo, alisimama kwa adabu. "Mzee, naomba nisahihishe." Tangu Desemba 2014 sheria za Umoja wa Ulaya zinaitaka migahawa imweleze mteja viungo vinavyosababisha mzio, na Austria huvitaja kwa herufi: A ni nafaka zenye gluteni, C mayai, D samaki, E karanga, G maziwa. Schnitzel huandikwa A, C, mara nyingi na G, kwa sababu ina unga, yai na siagi. Ukumbi ulicheka. Mbobezi alivaa miwani ya kutafakaria na kusema hiyo ndiyo tafsiri ya umma, na kwamba ipo nyingine.

Sachertorte ilipita haraka. Wajumbe waliambiwa kwamba keki hiyo ya chokoleti ilibuniwa 1832 na Franz Sacher, mwanagenzi wa miaka 16 katika jiko la Metternich, kansela wa Austria wa wakati huo, na kwamba hoteli ya Sacher na duka la keki la Demel walishitakiana kwa miaka kuhusu nani ana haki ya kuiita ya asili, hadi wakamalizana 1963. Sehemu ya ubishi ilikuwa jamu ya aprikoti ikae wapi: katikati ya keki pia, au chini ya chokoleti tu. Mbobezi alijitolea kuifungua upya kesi hiyo.

Ugunduzi wake mkuu, hata hivyo, aliuweka akiba. Katika utafiti wake wa miaka mingi pembezoni mwa jiji, alitangaza, yeye binafsi amebaini kwamba nyumba ya mkulima wa zabibu ikitundika tawi la msonobari juu ya mlango, ndani kuna mvinyo na chakula. Alingoja makofi. Ugunduzi huo ulikuwa umetanguliwa kidogo na Mfalme Joseph II, ambaye kwa amri ya tarehe 17 Agosti 1784 aliwaruhusu wakulima kuuza nyumbani mvinyo wao na mazao yao. Nyumba hizo huitwa Heuriger, na tawi ndilo tangazo: likiwepo, njoo; likiondolewa, wamefunga. Nyingi hazifunguliwi mwaka mzima. Wakulima hupeana zamu, wiki kadhaa huyu, wiki kadhaa yule, na mgeni anayefuata anwani bila kuuliza tarehe hukuta lango na mbwa.

Chakula cha Heuriger halisi ni cha baridi, huchaguliwa kaunta: mkate mweusi, jibini laini la paprika liitwalo Liptauer, nyama baridi, kachumbari za siki. Nyumba zenye leseni ya mgahawa hupika na vya moto. Asiyekunywa pombe hapotezi kitu, maana juisi ya zabibu ya shamba lilelile huwapo, na karibu kila mahali pana Almdudler, soda ya mimea ya nchi hiyo iliyoanza kuuzwa 1957. Mabasi ya watalii hupendelea Grinzing, mwisho wa tramu namba 38. Mwenye subira apande namba 31 hadi Stammersdorf, ng'ambo ya Danube, ambako meza za bustanini hukaliwa zaidi na watu wa Vienna wenyewe.

Mjumbe wa Bujumbura aliuliza vipi kuhusu mikoani, kwani kesho yake alikuwa akielekea Salzburg. Mbobezi alimjibu kwamba Austria ni Vienna na Vienna ni schnitzel. Hili ndilo kosa lake zito kuliko yote, zito hata kuliko herufi. Tirol hula Gröstl, viazi na nyama vilivyokaangwa na vitunguu kwenye kikaango na yai juu yake. Vorarlberg hula Käsknöpfle, vidonge vya unga na jibini kali. Styria humwaga mafuta ya mbegu za maboga, ya kijani karibu na nyeusi na yenye ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya tangu 1996, juu ya saladi na maharage. Na huko huko Salzburg kuna Nockerl, povu la mayai na sukari lililookwa likawa vilima vitatu, ambalo lazima liliwe likitoka jikoni kabla halijanywea. Kuagiza schnitzel mbele ya hayo yote si dhambi, ila ni kufunga safari ndefu ili ukae palepale.

Saa tatu kasoro robo usiku mhadhara uliahirishwa bila kumalizika. Mbobezi aliwaongoza wajumbe kwa miguu hadi kwenye mgahawa alioutafiti, uliokuwa, kwa maneno yake, kilele cha taaluma. Mlangoni palikuwa na kibao: Ruhetag, siku ya mapumziko. Ilikuwa Jumatatu. Wa pili ulikuwa wazi, lakini jiko lilikuwa linafungwa, na meza pekee iliyobaki ilikuwa na kibao cha Stammtisch, yaani meza ya wateja wa kudumu. Mbobezi alishakaa hapo kabla hajaombwa ainuke.

Walikula kwenye kibanda cha soseji kando ya barabara, Würstelstand, utamaduni ambao mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Austria ya urithi usioshikika chini ya UNESCO. Mama wa Mombasa aliuliza, akaambiwa soseji zote ni za nguruwe, akanunua chipsi. Mbobezi alikula soseji mbili zenye jibini ndani na kuitangaza sehemu hiyo kuwa sura ya kumi na tatu.

Msomaji unayekwenda Austria, kabla ya kutoka hotelini tazama siku ya mapumziko ya mgahawa unaoutaka. Kwa mingi huwa Jumatatu au Jumanne. Uliza jiko linafungwa saa ngapi, kwani mengi hupumzika tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu, na usiku hufunga mapema kuliko mlango. Weka nafasi kwa simu. Wakati wa kulipa, mtajie mhudumu jumla unayotaka akate, bei pamoja na asilimia tano hadi kumi juu yake, badala ya kuziacha sarafu mezani.