Bamvua Ndani ya Giaboksi

Sauti ya shangazi yangu bado inanichoma sikioni: "Mwanangu, gari hili ulilinunua, au kuna mtu uliyemkosea akakupa?" Aliyatamka hayo kwa utulivu, sinia la halua likiwa mapajani mwake na buibui lake limekunjwa lisipate vumbi, ilhali mimi, niliyevaa kanzu ya kupokelewa na wakwe na kofia ya viua iliyotiwa wanga, nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikivuma kwa ghadhabu, na gari, badala ya kuupanda mwinuko wa gati na kuingia Magogoni, likirudi polepole, kwa adabu kubwa, ndani ya pantoni lilimokwisha kutoka.

Nyuma yetu palikuwa na bajaji, na nyuma ya bajaji lori, na nyuma ya lori umma wa Kigamboni wote, au ndivyo nilivyouona katika kile kioo kidogo. Na mbele, upande wa soko la samaki, wachuuzi waliacha kupaa samaki wao wakasimama kututazama. Kila mmoja alikuwa na shauri. "Mzee, weka gia!" na gia nilikwisha kuiweka. "Mzee, toa hendibreki!" na hendibreki ya gari hilo haijapata kushika hata siku moja. "Mzee, washushe hao kina mama, ni mzigo!" na hilo lilisikika vema kiti cha nyuma, pakapita kimya ambacho naamini nitakilipia katika kila arusi ya ukoo wetu hata nife. Hatimaye vijana wakavua ndara, wakaegemeza mabega, wakatusukuma hatua kwa hatua kwa nyimbo ambazo maneno yake hayakuwa ya posa.

Ningeistahimili izara hiyo lau gari lingekuwa limetelekezwa. Walakini lilikuwa limetoka gereji jana yake, Gerezani, kufanyiwa sevisi ya giaboksi: oili kumwagwa, filta na gasketi kubadilishwa, oili mpya kutiwa, kwa sababu lilianza kuchelewa kushika gia, na mimi, mtu nisiyependa kungoja jambo liharibike, nikalipeleka mapema na kulipa ujira wote taslimu.

Hapa sina budi kueleza namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana tangu siku hiyo nimekisoma kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyaonyesha skuli. Gari la otomatiki linapoondoka, baina ya injini na magurudumu nguvu haipiti kwa chuma kushikana na chuma, bali kwa oili. Ndani ya konveta, chombo kifanyacho kazi hiyo, mna kama mapangaboi mawili yaliyotazamana: moja huzungushwa na injini likaivurumisha oili, jingine hupigwa na oili hiyo likazunguka na kuvuta gari, na baina yao mna kijipanga cha tatu ambacho huigeuza oili irudiyo ili isije ikampinga aliyeituma. Aliyeibuni hikima hii, mhandisi wa Kijerumani Hermann Föttinger, hakuwa na gari akilini alipoiombea hataza mwaka 1905. Alikuwa mtu wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, akitafuta njia ya kuipeleka nguvu ya mitambo ya mvuke, iliyokuwa na mbio za kupindukia, kwenye rafadha iliyotaka mwendo wa taratibu. Yaani kitu hiki kwa asili ni mtoto wa bahari, na kama kilikuwa na nia ya kunifedhehi, kilijua pa kungojea.

Mbele ya konveta mna falaki nzima. Katikati ipo gia iitwayo jua. Gia ndogo zinazoizunguka huitwa sayari. Na nje lipo duara lenye meno upande wa ndani, limezizungushia zote. Ukilizuia duara na kulizungusha jua, gari huenda polepole lakini kwa nguvu. Ukilituliza jua na kulizungusha duara, mwendo huzidi ule wa kwanza. Ukivifunga viwili vyovyote pamoja, ulimwengu wote huzunguka kwa mwendo mmoja. Na ukizizuia sayari zisisafiri, mambo hupinduka na gari likarudi nyuma. Hakuna gia inayotolewa mahali pake ikapelekwa pengine: ni huyu kushikwa na yule kuachiwa. Na mshikaji ni oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu katika vichochoro vyembamba hata ikabana sahani za klachi. Wamarekani waliouziwa Oldsmobile za mwaka 1940, magari ya kwanza yaliyotengenezwa kwa wingi yakiwa na giaboksi inayojibadilishia gia zote, waliambiwa kuwa wamepumzishwa mguu wa kushoto. Sidhani kuna aliyewaambia kwamba roho zao zilikuwa zimekabidhiwa mafuta.

Basi mafuta hayo yana sharti moja. Katika gari kama langu, Toyota Mark II, hupimwa injini ikiwa inanguruma na giaboksi imepata moto, baada ya kuupitisha mkono wa gia katika kila nafasi. Kwa kuwa injini ikizimwa, oili iliyokuwa imetawanyika juu humiminika chini, na kijiti cha kupimia kikatoa ushahidi wa wingi usiokuwapo. Kule gereji kilichomolewa injini ikiwa imezimwa, pakaonekana pamejaa, boneti likafungwa. Oili iliyobaki ilitosha barabara tambarare. Jioni niliyolichukua gari, bahari ilikuwa imejaa, pantoni na gati vikawa karibu sawa, nikavuka hadi nyumbani nikimsifu fundi njia nzima. Asubuhi ya pili, saa nne, ilikuwa bamvua na maji yamekupwa, na mwinuko wa gati ukawa mkali kama unavyokuwa siku hizo. Gari likainua pua, oili yote ikakimbilia nyuma ya sampu, yaani karai la oili chini ya giaboksi, mdomo wa filta ukabaki mtupu, pampu ikanyonya hewa, na hewa haibani klachi. Bahari imekupwa nje na oili imekupwa ndani, saa moja.

Aliyeligundua hilo alikuwa kijana muuza samaki mwenye magamba hadi kwenye nyusi. "Usizime, mzee," akasema, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akakipangusa kwa pindo la fulana yake, akakirudisha, akakichomoa tena, akanionyesha. "Hamna kitu humu." Alikataa pesa. Kwa wakwe tulikwenda kwa bajaji, nami nina alama ya kiganja cheusi mgongoni mwa kanzu.

Fundi mkuu, niliporudi kwake, hakuinuka benchini. Alilisikiliza gari kwa mbali kisha akahukumu: "Giaboksi imekufa, bosi. Lakini ipo ya mtumba, imeshuka juzi kutoka Japani." Nikamweleza habari ya kijiti. Akageuka, pasi na haya, akamwita saidia fundi wake kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Kijana huyu ndiye aliyepima."

Na hapo mzaha hunikauka mdomoni. Kijana huyo nilimwona siku ile amelala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, bila glavu, oili ikimdondokea shingoni, akifanya kazi yote ambayo nilimlipa mwingine. Malipo yake ni chakula cha mchana na ahadi ya kuwa fundi. Nani alimfundisha kupima? Kitabu cha gari kimo humo garini, Kijapani mwanzo hadi mwisho, kwani gari liliuzwa kwanza huko kwao. Na mwalimu wake yuko benchini akinywa kahawa. Oili ya zamani ilimwagwa mtaroni mbele ya macho yangu, na mtaro ule hauna pengine pa kwenda ila baharini. Hayo yote huitwa uzoefu, na uzoefu huo una bei, nayo hulipwa na kijana na mteja.

Oili ikaongezwa, safari hii injini ikinguruma, nami nikatozwa upya gharama ya ufundi. Tulibishana hata adhuhuri.

Betri niliyobadilisha baadaye kwingine iliacha redio isiyozimika, ikiimba taarabu usiku kucha. Taa ya nyuma ilipotengenezwa, honi ikanyamaza. Ama fundi mkuu, baada ya ubishi ule alinipa wipa mpya bure, kwa ihsani, akazifunga mwenyewe kwa mikono yake. Na maadamu mvua za vuli hazijaanza, kuhusu wipa sina ushahidi wowote wa kutoa.