Waraka kwa Wenye Seva ya Kanuni za Mikopo

Kwenu wakuu wa kitengo cha teknolojia,

Mimi ni mtengenezaji programu wa SACCO ambayo wanachama wake hupimwa na mfumo wenu. Mtu akiomba mkopo, tunapeleka taarifa zake kwenye anwani mliyotupa. Injini yenu, Drools ndani ya KIE Server, inarudisha jibu. Kanuni zenyewe mmeziandika kwa ustadi, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Mlichokipuuza ni anwani.

Mmetupa jina la jumla la kontena, lisilotaja toleo. Seva ikiwa na matoleo mawili chini ya jina hilo, ombi huenda kwa lililo jipya zaidi. Mkapandisha kanuni mpya katikati ya siku ya kazi bila kutuarifu. Mwanachama aliyekubaliwa asubuhi akakataliwa jioni kwa taarifa zile zile, na afisa wenu akatujibu kwamba mfumo ndivyo ulivyoamua. Wakuu wangu, hilo si jibu la kumpa mtu mzima. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kuomba uamuzi wa mashine peke yake uangaliwe upya. Mtauangaliaje, ilhali hamjui ulitolewa na toleo lipi?

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Katika kikao kinachohifadhi hali, ombi lisipobeba amri ya kuziendesha kanuni, seva hupokea taarifa, haigusi kanuni hata moja, kisha hujibu SUCCESS. Sehemu ya kukubaliwa mmeianzisha na false, kwa hiyo inarudi na false ile ile. Mfano wenu wa ombi, ule mliotugawia tuunakili, hauna amri hiyo. Mama muuza samaki anaambiwa hafai, na hakuna kanuni iliyomtazama! Mngeiacha sehemu hiyo tupu mwanzoni, tungejua mara moja kwamba hakuna uamuzi uliofanyika.

Mengine nayataja kwa ufupi kwa sababu mwongozo wa seva unayaeleza. Nenosiri ni lile la mifano ya mwongozo, na taarifa za watu zinapita kwa http bila kufichwa. Kigezo cha org.kie.server.location bado kina localhost. Kidhibiti kilicho kwenye mashine nyingine kikitaka kuifikia seva, kinajitafuta chenyewe. Mtu aliyesoma kabla ya kusakinisha asingeyaacha hivyo.

Tunaomba anwani itaje kontena la toleo mahususi, na toleo la zamani libaki hewani hadi tuhamie jipya. Kila jibu lirudi na namba ya toleo pamoja na majina ya kanuni zilizofanya kazi. Drools inaruhusu kuweka msikilizaji wa kuyanasa majina hayo, kwa hiyo msituambie haiwezekani. Maombi yaliyokataliwa bila kanuni kuendeshwa yapitiwe upya na binadamu, na wenyewe wajulishwe kwa maandishi.

Jibu la waraka huu liandikwe na mtu aliyeifungua faili ya mipangilio kwa mkono wake. Ofisi ya mawasiliano imeshatujibu vya kutosha.

Wenu katika kazi,
Mtengenezaji programu wa SACCO