Sungura, Punje na Huruma za Wenye Nyumba

Kwa binadamu ugali ndio chakula na mboga ni kitoweo. Kwa sungura wa kufugwa mambo ni kinyume: majani makavu ndiyo chakula, nafaka ni kitoweo, tena cha kuonja. Matatizo huanzia kwa watu wanaopima shibe kwa ugali. Wakimkuta mnyama amezungukwa na nyasi tupu, huona anateswa.

Mwanzoni mwa utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa wa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za majani. Humo hutoka vidonge laini, vimeshikamana kama kishada cha zabibu, naye huinama akavila papo hapo kabla havijagusa sakafu. Mgeni anayeshuhudia hilo akiwa na kikombe mkononi, chai yake huishia hapo. Wanga mwingi ukifika kwenye mfuko huo, bakteria wabaya hushamiri, kinyesi hulegea na tumbo hujaa gesi. Na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, kilichokwisha kumezwa hakina njia ya kurudi. Watoto walioachishwa kunyonya karibuni ndio huathirika zaidi. Hao wasionjeshwe nafaka kabisa.

Mahindi ndiyo yenye lawama kubwa. Wanga wake ni mwingi, na yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Mahindi yaliyokataliwa jikoni kwa uvundo hayawi halali kwa sababu yamefika bandani.

Sungura mzima mwenye afya anaweza kupewa oti kavu zisizo na sukari, kijiko kimoja cha chai, mara moja kwa wiki, baada ya kula majani. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, na kinachoyasaga ni kutafuna majani, si punje.

Hatari kubwa kuliko wanga ni ukarimu. Baba hutoa kidogo tu asubuhi, watoto kidogo tu mchana, bibi naye kidogo tu jioni, na hakuna anayemwambia mwenzake. Sungura, kwa upande wake, hupokea kila mara kama mtu aliyelala njaa. Dawa ni kopo moja, kijiko kimoja, na mgawaji mmoja.

Sungura akisusa chakula nusu siku, akajikunyata pembeni na kinyesi kikakatika, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Maji ya tangawizi ya jirani yangoje mgonjwa mwingine.