Barua Zetu Kwenye Kapu la Taka

Jumatatu. Mafundi wamehamishia barua pepe za chama chetu kwenye seva mpya. Nimemtumia mnunuzi wa Mtwara orodha ya korosho zilizoko ghalani. Jioni kapiga simu: "Kaka, mbona kimya?" Tumeikuta kwenye barua taka, chini ya tangazo la bahati nasibu. Zile ni korosho za watu waliopulizia salfa tangu Juni.

Jumanne. Umeme hakuna Newala nzima. Duka lenye jenereta lina foleni ya simu za kuchaji hadi barazani. Kompyuta yangu imepokewa baada ya simu zote. Zamu ni zamu.

Jumatano. Fundi amepokea simu: "Zima, washa." Nimezima, nimewasha. Kisha nimejitumia barua kwenye Gmail na kufungua maelezo yake ya ndani. SPF: imefeli. DKIM: haipo. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina letu, nayo bado inataja anwani ya seva ya zamani. DKIM ni saini ya kidijitali. Ufunguo wake haukuhamishwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na walau kimojawapo, na anayetuma kwa wingi awe na vyote pamoja na DMARC, agizo la nini kifanyike barua ikifeli. Yetu ni kama barua ya ofisi isiyo na mhuri. Hata mimi nisingeipokea.

Alhamisi. Nywila ya kubadilisha rekodi za SPF na DKIM anayo karani aliyehamia Masasi. Shikamoo nyingi, kisha ameisoma herufi moja moja, mtandao ukikatika katikati. Nimezirekebisha. Imebaki rekodi ya PTR, inayolitambulisha jina la seva kutokana na anwani yake. Hiyo huwekwa na mwenye anwani tu, yaani kampuni inayotukodishia seva. Wameniambia ombi langu liko kwenye foleni. Foleni hii siioni hata mkia.

Ijumaa. SPF imepita, DKIM imepita. Kwa mnunuzi bado ni taka, maana anwani ya seva mpya haijajenga sifa. Nimemwomba aweke alama kuwa si taka, na kila atakayepata barua yetu afanye hivyo. Mzee Katibu hakusubiri. Alichapisha orodha, akaipiga mhuri, akampa kondakta wa basi la alfajiri. Mnunuzi ameipata kabla ya saa sita. Kampuni ya seva bado haijajibu.